Vitabu Vinne vya Ghala la Pamba

Emojong, mwenzangu wa klabu, alinipigia simu nikiwa nachambua maharagwe. Akasema lumbe ya Mwalimu Owor ni Jumamosi kule Petta, na watu wote wa klabu watakuja, hata wa upande wa Kenya. Lumbe ni ile siku ya kumaliza matanga, hata ikiwa miaka baada ya mazishi. Watu wanakula, vitu vya marehemu vinagawanywa, mtu anaachiliwa aende. Nikasema sawa. Kisha akasema, "Na wewe Nabwire, ukuje na vitabu." Nikasema sawa tena, nikakata simu, nikarudi kwa maharagwe, mpaka nikagundua nachambua yale ambayo nilikuwa nimeshachambua. Sikusikia kitu. Watu wakiniuliza kama nilihuzunika Mwalimu alipokufa huwa najibu ndiyo, kwa sababu ndiyo ni jibu fupi. Ukweli ni kwamba tangu mwaka ule kuna mahali ndani yangu pamekufa ganzi kama mguu uliokaliwa, na mimi nautembelea hivyo hivyo. Nina miaka ishirini na mbili. Jumamosi imeshapita, naandika haya kabla haijanitoka kichwani, na nitajaribu kwenda polepole, ingawa kwenda polepole sijawahi kuweza.

Mwaka ninaoutaka ni ule niliokuwa nimemaliza Senior Six na kukaa kwetu Masafu, wilaya ya Busia, nikingoja matokeo. Kungoja kunanishinda. Kitu pekee kilichonitoa nyumbani ni klabu ya vitara ya Tororo, ambayo nilikuwa nimeingia tangu Senior Three. Najua mtu wa Busia akisikia vitara anafikiria panga na kesi. Sio hivyo. Ni mchezo wa watu wawili waliovaa makoti meupe na maski za waya, kila mmoja na upanga mwembamba ambao ncha yake imefanywa butu kama kifungo cha shati, na kila mmoja anatafuta kumgusa mwenzake kabla hajaguswa. Basi. Siku hizi mahali pengine kuna mashine ya umeme inayowaka taa ukigusa. Sisi hatukuwa nayo. Tulikuwa na ghala la zamani la pamba lenye sakafu ya saruji, mstari uliopakwa rangi nyeupe ambayo Mwalimu aliirudia kila Krismasi, mabenchi mawili, na madirisha ya juu yenye waya ambayo ukisimama kwenye benchi unaona mwamba wa Tororo. Pamba yenyewe iliisha kabla sijazaliwa lakini nyuzi zake bado zilikuwa zimeshika kwenye mbao za paa, na upepo ukivuma zilianguka juu ya makoti yetu na Emojong anasema, tazama, tumezeeka.

Kwa kuwa hakukuwa na mashine, kulikuwa na sheria ya mkono wa kushoto. Ukiguswa, unasimama, unainua mkono usio na upanga, unasema "Nimeguswa." Hakuna anayekuuliza. Majaji wanne wanaweza kuwa hawakuona, refa anaweza kuwa anafukuza mbuzi mlangoni, yule aliyekugusa mwenyewe anaweza kuwa hana uhakika. Wewe unajua, kwa hiyo wewe ndiye unasema. Mwalimu alikuwa mtu mwepesi kwa maneno, angeweza kukuelezea jinsi ya kukunja goti kwa nusu saa, lakini jambo hilo hakulisema mara mbili. Mtu akinyamaza na mguso, Mwalimu naye ananyamaza. Anasimama pale na kofia yake ya sufu, anatazama sakafu, anangoja. Niliwahi kumwona akimngojea mvulana mmoja wa Malaba kutoka saa nne mpaka chai ya saa sita. Mvulana alipoinua mkono alikuwa ameshavua koti. Mwalimu akasema tu, "Sawa. Vaa tuendelee."

Na mchezo ukiisha, aliyeshindwa ndiye anakwenda mezani na kuandika kwenye kitabu kwa mkono wake: jina langu, jina la aliyenishinda, miguso mingapi. Mwalimu alisema aliyeshinda mkono wake unatetemeka kwa furaha, ataharibu ukurasa. Hivyo ndivyo vitabu vinne vilijaa, miaka zaidi ya arobaini. Vilikuwa vile vitabu vikubwa vya jalada gumu, kona nyekundu, vya kuwekea mahudhurio. Mistari Mwalimu aliipiga mwenyewe kwa penseli na rula ya mbao. Majina yaliandikwa kwa kalamu ya wino wa chupa, wino wa bluu. Biro hakuiruhusu karibu na meza ile. Alisema biro ni ya kuandikia orodha ya sokoni.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule macho yake yalianza kuona ukungu. Akaniita Petta nyumbani kwake, akanionyesha sanduku la bati ambalo kifuniko chake kimeandikwa kwa rangi nyeupe OWOR, PETTA, na ndani yake vile vitabu, na maski ya kwanza ya klabu, na upanga wa kwanza, na glavu moja ya ngozi iliyokauka kama samaki. Akasema mchwa hawangoji na macho yake pia hayangoji, ninakili vitabu vyote kwenye daftari jipya, nakala ikae mahali pengine. Mimi ndiye nilikuwa nimemaliza shule na mwandiko wangu unasomeka. Nikakubali haraka. Nilihesabu kwamba kurasa kumi kwa siku sio kitu, mpaka Pasaka nitakuwa nimemaliza.

Sikujua kwamba kila mstari una mtu. Nilikaa kwenye meza ya sebuleni, vitambaa vya kufuma vimefunika kila kiti na hata redio, Mama Athieno mkewe anapita na sinia, na Mwalimu amekaa nyuma yangu mahali pa jua. Mimi nasoma jina ili niandike, yeye ananisimamisha. Huyu alikuwa fundi wa reli, aliruka kama panzi, watu walikuja kutazama miguu yake tu. Huyu mama alicheza akiwa na mimba ya miezi mitano, tukamwambia keti, akasema mtoto ndiye anataka. Hawa wa ukurasa wa kwanza hawakuwa na panga, walikuwa na fimbo za mianzi, na kwenye ncha walifunga pamba waliyookota hapo hapo ghalani, wanaichovya kwenye wino mwekundu, ukiguswa alama inabaki kwenye shati na huwezi kubisha. Hapa, unaona, kurasa mbili hazina kitu? Ni ile miaka mibaya, askari walikuwa wanachukua chochote chenye chuma. Panga zilipakwa mafuta ya ng'ombe, zikafungwa magunia, zikazikwa katika shamba la karanga la mama mkwe, na mama mkwe hakuambiwa, akalima juu yake misimu mitatu akishangaa jembe linalia. Mama Athieno akapaza sauti kutoka jikoni kwamba mama yake alijua tangu siku ya kwanza, alinyamaza kwa sababu alitaka kuona mkwe ataongopa mpaka lini. Mwalimu akacheka mpaka akakohoa.

Nimeyaandika hapo juu kama ninayakumbuka vizuri. Siyakumbuki vizuri. Nina shajara ya mwaka ule, kila siku niliandika, na nimeifungua juzi nikitafuta jina la fundi wa reli. Halimo. Shajara inasema: "Kurasa tatu leo. Mzee anaongea sana." Siku nyingine: "Ukurasa mmoja na nusu. Tumekula kalo na kunde. Nimechelewa teksi." Siku nyingine: "Amerudia ile ya mimba." Nimehesabu. Kwa miezi minne nilinakili kurasa kumi na moja. Nilikaa katika chumba ambamo historia yote ya mchezo huo upande wetu ilikuwa inasemwa kwa sauti, na mimi nikaandika saa ya teksi.

Simu yangu ilikuwa katochi, ile ndogo ya vitufe, haina kamera ya maana. Emojong alikuwa na simu nzuri, na siku moja alikuja Petta akapiga picha ukurasa mmoja kwa kujionyesha, kidole gumba chake kikafunika nusu. Mwalimu akamwambia, wewe hata kwenye picha unaguswa. Tukaacha. Kisha, mvua ndefu zikikaribia kuisha, ikaja habari kwamba upande wa Kenya, katika ukumbi mmoja pale Busia, mji uliokatwa na mpaka, kuna watu wamekuja na mashine ya kupiga picha vitabu vya zamani bila kuvivunja mgongo. Wanapokea vya kwaya, vya vyama vya pamba, vya timu za mpira, bure, na kila mtu anarudishiwa vyake siku hiyo hiyo. Watakaa wiki mbili, kisha wanahamia mji mwingine. Nilipomwambia Mwalimu nilikuwa nasimama, sikuweza hata kukaa. Vitabu vyote kwa siku moja. Akapapasa jalada la kitabu kilichokuwa mezani. Nafikiri alijua kwamba mashine haitauliza huyu alikuwa nani. Lakini akasema sawa, ila sanduku linakwenda zima, vitabu peke yake ni majina tu, wapige picha na upanga na maski pia. Na linapita getini pale mpakani, na barua.

Barua ilikuwa ya kuruhusu upanga. Mwalimu alivuka mpaka na panga kwa miaka yote hiyo, akienda kufundisha wa upande ule, na hakuwahi hata siku moja kupita panya, zile njia za kichochoro ambazo sukari na magodoro hupita. Alikuwa na desturi yake. Anafika getini, anatoa upanga mwenyewe kabla hajaulizwa, anamwomba afisa anyooshe kiganja, anamgusa nao pale katikati. Anasema, "Umekufa? Basi nipite." Alisema hakuna afisa aliyekaa sana pale ambaye hajaguswa naye. Lakini maafisa wa sasa ni wapya na macho yake yalikuwa hayaoni njia, kwa hiyo ningekwenda mimi, na ofisi ya michezo ya wilaya ingeandika barua. Mwandishi wa barua alikuwa amekwenda mazishi Lunyo. Atarudi Jumatatu. Watu wa mashine walikuwa wanaondoka Jumamosi.

Ijumaa asubuhi nilikuwa getini bila barua. Afisa alikuwa mama mmoja mpole tu. Akafungua sanduku, akatazama maski, akaishika karibu na uso wake akaiweka chini. Akaniambia, "Vitabu pita nayo, mwanangu. Hii upanga ngoja barua. Naweza kukuwekea hapa, unajaza fomu, ukirudi unachukua."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi sana. Hakuninyima. Kulikuwa na fomu ya kujaza na watu kama kumi na wawili mbele yangu, na Mwalimu alikuwa amesema sanduku zima, na nje ya geti, amesimama na baiskeli yake ya carrier ndefu, alikuwa Wandera.

Wandera kila mtu anamjua. Ni mtu mzima, ana mvi kwenye ndevu, anavusha mayai trei thelathini na halivunjiki hata moja. Hivyo ndivyo Busia inavyokwenda, mtu anapita getini mikono mitupu anasalimia askari, mzigo wake unapita nyuma ya mtaa na wanakutana mbele kwa muuza chapati. Mama zetu wanafanya, walimu wanafanya. Sikuona kama nimeamua kitu. Nilisema tu asante mama, nikafunga sanduku, nikatoka nalo, na Wandera akalifunga kwa mpira mweusi, akalipima uzito kwa kulitikisa, kisha akauliza ndani kuna nini. Nikasema vitabu. Akasikia chuma. "Na nini?" Nikasema na upanga wa mchezo, hauna makali. Akanitazama. Akasema, "Dada, ungesema sukari ningelala vizuri zaidi." Lakini akaenda.

Nikavuka. Nikangoja kwa muuza chapati. Mvua ikaanza, ikaacha, ikaanza tena. Nilikula chapati mbili, nikajua saa zinakwenda kwa sababu muuza chapati alibadilisha unga. Wandera hakuja. Nilipofika ukumbi wa mashine ulikuwa unafungwa, na mtu mmoja wao akaniambia kwa upole kwamba kesho asubuhi wanapakia.

Nilimpata Jumamosi nyumbani kwake, amekaa mlangoni na mguu ndani ya beseni la maji moto. Alikuwa ameona doria mbele, akageuza, akaona na nyuma wapo. Akakata mpira, akasukuma sanduku ndani ya dimbwi kwenye mafunjo, akakimbia na baiskeli. "Sukari wanachukua wanakwenda nayo," akaniambia. "Godoro wanachukua. Lakini mtu na upanga, dada? Hiyo sio kesi ya mtu wa baiskeli. Mimi nina watoto watatu." Hakupiga kelele. Aliniambia tungoje mpaka doria ihame. Ilihama Jumapili. Tuliliokota pamoja, maji yakiwa yanafika magotini, na alipoliinua lilimwaga kutoka kila kona maji ya bluu. Sio machafu. Bluu nzuri, kama sare ya shule. Nilisimama nikayatazama yakiingia kwenye matope. Nafikiri hapo ndipo ganzi ilipoanza, kwa sababu nakumbuka nilichowaza ni kwamba viatu vyangu vimeharibika.

Chumbani Masafu nilivianika vitabu chini ya kitanda, juu ya gazeti, mlango umefungwa. Vilivimba kama mikate. Nilipoweza kutenganisha kurasa nikaona kwamba penseli haikutoka. Mistari yote ya Mwalimu ilikuwepo, imenyooka, safu ya jina, safu ya mpinzani, safu ya miguso, kurasa baada ya kurasa, na ndani ya mistari hakuna mtu. Upanga ulipata kutu. Maski haikupata kitu. Nikarudisha vyote ndani ya sanduku na kulisukuma mpaka ukutani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Petta kwa sababu kutokwenda kungekuwa kama kusema. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nilipofika Mama Athieno alikuwa amepika kuku, na haikuwa sikukuu, wala hakukuwa na mgeni ila mimi. Kuku wa kienyeji, mchuzi wa karanga, kalo, ule ugali wa wimbi, imefunikwa kwenye kikapu. Tulinawa. Mwalimu akapapasa ndani ya bakuli, akaitoa firigisi, ile sehemu ambayo kwetu inamngoja baba wa nyumba hata kama amekwenda Kampala, akaiweka kwenye sahani yangu. "Leo ni ya Nabwire." Mama Athieno hakusema neno, na yeye ni mtu ambaye angesema. Niliwaza kwamba ananiheshimu kwa kazi ya vitabu. Nikaona aibu, lakini aibu ile ilikuwa mbali, kama ya mtu mwingine. Tukala. Katikati ya kula akaniuliza, "Nyara, vitabu vimefika?" Nyara ni binti yangu kwa Kidhopadhola. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na kalo. Wa kushoto ulikuwa juu ya goti.

Nikasema, "Vimefika, Mwalimu. Viko salama, watavileta wakimaliza."

Akatazama sakafu. Akakaa hivyo muda ambao nilikuwa naweza kuupima, nimeshauona mara nyingi ghalani. Kisha akasema, "Sawa. Kula."

Hakuniuliza tena. Nilikwenda Petta kila Jumamosi mpaka alipolazwa. Ghalani nilicheza vizuri kuliko miaka yote, kwa sababu nilikuwa sisikii kitu, na mtu asiyesikia haogopi. Niliguswa nikainua mkono kila mara, hata ile miguso ambayo pengine haikuwa miguso. Emojong akasema, huyu siku hizi anakubali hata upepo. Mwalimu hakucheka. Cheti changu cha Senior Six kilitoka, kizuri, nikamwonyesha, akakishika karibu na jicho moja lililokuwa bado linaona kidogo akasema mwandiko wa mashine hauna mtu. Mezani tulikuwa tunaandika kwenye daftari la kawaida, tukingoja vitabu virudi kutoka Kenya. Kila mtu aliamini vinarudi. Emojong alikuwa anawaambia wageni kwamba historia yetu imekwenda ng'ambo kupigwa picha, na alisema kwa majivuno.

Mwezi wa kumi na mbili Mwalimu alilazwa hospitali ya Masafu. Kutoka chumbani kwangu ni mwendo wa dakika kumi, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa nampelekea uji. Kifua kilikuwa kimejaa, maneno hayatoki, lakini macho alinifungulia kila nilipoingia, ingawa sidhani aliona zaidi ya kivuli. Mama Athieno alikuwa analala kwenye mkeka chini ya kitanda. Siku moja alikwenda kufua, tukabaki wawili, na yeye akageuza kichwa upande wangu akatulia. Hakuna aliyekuwa anatukimbiza. Jua lilikuwa linaingia, mtu kitanda cha pili anamenya chungwa, nikasikia harufu yake. Nilihesabu vigae vya mstari mmoja wa sakafu. Nikachukua bakuli la uji nikaliosha, lilikuwa safi, nikaliosha tena. Alikufa siku mbili baadaye, asubuhi, nikiwa sokoni. Nilibeba maji kwenye mazishi. Sikulia, na bado sijalia.

Kwa hiyo Jumamosi hii nilikwenda Petta na sanduku. Nililifunga kwenye boda kwa mpira mweusi kama ule ule. Walikuwa wamejaza uwanja, watu wa ghala wa miaka yote, wengine sikuwajua, wamevaa makoti yao meupe ya zamani ambayo vifungo havikutani tena tumboni. Mama mmoja mzee sana alikuwa anamwonyesha mjukuu jinsi ya kusimama, goti moja mbele, na mjukuu anamwambia jaja utaanguka. Akasema hata na mimba nilisimama hivi, nikajua ni yule wa miezi mitano. Yuko hai. Anaishi Malaba, kumbe. Sikuwahi hata kuuliza.

Tulipokula, Emojong akapanda juu ya benchi. Akasema amenunua kitabu kipya, jalada gumu, kona nyekundu, na mezani ameweka kalamu ya Mwalimu na chupa yake ya wino iliyobaki, ili klabu iendelee pale ilipoishia. Akasema na bahati nzuri Nabwire amerudi na vya zamani, tumpigie makofi. Watu wakapiga. Walikuwa wanatazama sanduku. Yule mama mzee akasema kwa sauti, sasa mtaona jinsi nilivyowapiga hawa wanaume.

Sikupanga. Mkono wa kushoto ulipanda wenyewe, ukakaa juu, na makofi yakawa yanapungua moja moja kwa sababu kila mtu pale anajua mkono ule ni wa nini.

"Nimeguswa," nikasema.

Emojong akacheka kidogo. "Na nani? Hata hatujaanza."

Nikafungua sanduku. Nikatoa kitabu cha kwanza, nikakifungua katikati, nikawageuzia waone. Nikasema yote kwa maneno machache, geti, fomu, baiskeli, mafunjo, na kwamba nilimdanganya Mwalimu mezani kwake, na tena kila Jumamosi, na tena kule hospitali kwa kunyamaza. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayesoma tangazo. Yule mama mzee akachukua kitabu, akakisogeza karibu, akapitisha kidole ndani ya mistari ya penseli kama anatafuta, kisha akakifunga. Emojong alishuka kwenye benchi na kukaa.

Mama Athieno ndiye aliongea, akiwa bado anakusanya sahani. Alisema mbele ya wote, lakini kama ananiambia mimi tu. "Yule mtu wa baiskeli alikuja hapa siku ya nne. Alisoma jina kwenye sanduku, akauliza njia mpaka akafika. Alipiga magoti, akasema amezamisha mali ya mzee, na alileta kuku."

Nikamtazama.

"Ndiyo," akasema. "Ni kuku huyo huyo. Mimi nilitaka kukwambia siku ile ile, ule ukijua unakula nini. Mzee akanikataza. Alisema mtu hasemewi mguso."

Nilifikiri hapo kitu kitafunguka ndani yangu. Hakikufunguka. Nilisikia tu ladha ya firigisi mdomoni, na chumvi yake, na jinsi ilivyokuwa ngumu kutafuna na wao wawili wananingoja. Miezi saba aliningoja. Mvulana wa Malaba alingojewa mpaka chai tu.

Watu walianza kusogeza viti. Yule mama mzee akasema haya, mimi niandikeni, nakumbuka kumi na mmoja niliowapiga na majina yao, na wawili walionipiga. Mwanamume mwingine akasema fundi wa reli aliitwa nani vile, na watu watatu wakajibu pamoja majina mawili tofauti, wakaanza kubishana. Emojong alifungua kitabu kipya. Mistari haikuwepo, akaomba rula. Kisha akakumbuka sheria, akanisogezea kitabu na kalamu ya Mwalimu, kwa sababu aliyeshindwa ndiye huandika, na ukurasa wa kwanza ukawa wangu.

Nilikuwa nimeshafungua chupa ya wino. Mama Athieno akaja, akaifunga, akaiweka ndani ya mfuko wa gauni lake. Akatoa biro, ile aliyoandikia orodha ya vyakula vya lumbe, ikiwa bado imepakaa unga.

"Andika," akasema. "Kwa hii. Haiogopi maji."

Nikaandika jina langu. Kwenye safu ya pili, ya mpinzani, nikaandika Owor. Kwenye ya miguso nikaandika moja. Kisha nikageuza ukurasa, nikamwambia yule mama mzee aanze tangu mwanzo, polepole, na asiruke mtu.